Bahati ya Kerala

Ahmadi alikuwa mtu wa kwanza kutoka Tanga, na bila shaka wa mwisho, kupewa kazi ya kuishindia timu ya kriketi ya Kerala mechi zake. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara wala haikutaka ujuzi, na hilo la ujuzi lilikuwa jambo la heri, maana kriketi alikuwa haijui kabisa. Alitakiwa kukaa tu. Akae juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kati ya friji na mlango, katika chumba cha Karama, ugenini kwa Waarabu, alichopanga na Wahindi watano, na asiinuke mpaka aambiwe.

Ukitaka kuelewa mtu mzima mwenye akili zake anafikaje hapo, lazima kwanza uujue upweke wa chumba kile. Zamani kilikuwa chumba cha Waswahili. Walipika wali wa nazi, wakagombana juu ya Simba na Yanga, wakachekana lafudhi mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha mmoja akarudi kwao, mwingine kampuni ikamhamisha, na wa mwisho, Faustine wa Bukoba aliyekuwa mlinzi wa majumba, akapata kitanda karibu na kazi yake kule Jumeirah Village Circle. Kila kitanda kilichobaki wazi kilipata mtu wa Kerala, kwa kuwa mtu wa Kerala akipata kitanda humwita na binamu yake. Ahmadi, aliyekuwa mpangaji wa kwanza wa chumba, akajikuta ndiye mgeni.

Hawakuwa watu wabaya, na Ahmadi mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Walimwachia sehemu yake kwenye friji, hawakugusa taulo lake, na simu yake ikiita walipunguza sauti ya televisheni. Lakini Kimalayalam chao kilipita juu ya kichwa chake asubuhi na jioni. Wakicheka, naye alitabasamu asije akaonekana amenuna, huku hajui kama anayechekwa ni yeye au mwingine. Walikula sakafuni, wameizunguka sufuria, na yeye alikula juu ya ndoo kwa sababu pale chini pamejaa. Kiswahili alikisema kazini tu, kwenye ofisi ya mizigo Deira, na huko nako maneno yenyewe yalikuwa kamba, gundi, na hili boksi la Dar au la Mombasa. Upweke wa namna hiyo mtu hawezi hata kuulalamikia. Aliyepigwa atasema kapigwa. Asiyeonekana atakwenda kumshitaki nani?

Basi ikaja Novemba ya mwaka 2018, na pamoja nayo Kombe la Ranji. Kombe hilo hugombewa na majimbo ya India, na Kerala, kwa maelezo ya Binoy, ni wale wa kwenda kushiriki na kurudi nyumbani. Binoy alikuwa fundi cherehani, mkubwa wao kwa umri, mzaliwa wa milima ya Wayanad, na ndiye pekee chumbani aliyekuwa na subira ya kumweleza Ahmadi mambo, kwa Kiingereza cha kuungaunga na Kiarabu cha dukani.

“Mpira wa miguu, sisi ndio wenyewe,” alimwambia. “Kriketi, mafi. Hakuna kitu.”

Lakini mwaka huo kitu kilikuwepo. Kerala waliwapiga Andhra, kisha wakasafiri hadi Kolkata wakawapiga Bengal mbele ya wenyewe. Ushindi huo ulipopatikana Ahmadi alikuwa juu ya ndoo yake anakula mkate na maharage, hana habari. Mechi mbili zilizofuata Kerala walifungwa. Ya kwanza Ahmadi hakuwapo kwa sababu kontena lilichelewa bandarini. Ya pili, na Tamil Nadu, alikuwa amekwenda kwa Faustine kutafuta mtu wa kusema naye Kiswahili. Wakaja Delhi. Wikiendi hiyo Ahmadi alishikwa na mafua, akashinda chumbani, akijipangusa pua pale pale kando ya friji, na Kerala wakawatandika Delhi vibaya sana.

Mdogo wao mmoja ndiye aliyelifumbua. Alisimama katikati ya chumba, akainyooshea kidole ndoo, akasema maneno mengi kwa haraka. Wote wakageuka kumtazama Ahmadi. Tangu wahamie hapo hawajawahi kumtazama hivyo, wote kwa pamoja.

“Anasema wewe ukikaa pale, Kerala anashinda,” Binoy alitafsiri. “Ukitoka, Kerala anafungwa.”

Ahmadi alicheka. Wenzake hawakucheka.

Mwaka mpya ulipoingia, kazini kulikuwa na mizigo mingi, hakukaa, na Kerala wakafungwa na Punjab. Sasa hata Ahmadi akaanza kujikuna kichwa. Ikabaki mechi ya mwisho ya makundi, na Himachal, ambayo bila kuishinda safari inaishia hapo. Siku ya kuamua ilikuwa siku ya kazi. Simu ya Binoy ilimkuta Deira, mkanda wa gundi mkononi, ikamwita kwa jina jipya.

“Bhagyam! Umekaa au umesimama?”

“Nimesimama, nafunga mzigo.”

“Kaa! Yalla, kaa!”

Akakaa juu ya boksi la vyombo vya Mombasa. Junaid, msimamizi wake, Mmombasa aliyempokea uwanja wa ndege siku ya kwanza na kumfundisha kazi yote, alipita akamkuta amekaa wima, mikono juu ya magoti.

“Wafanyani hapo, Ahmadi?”

“Nawashindia watu mechi, Kaka Junaid.”

Junaid alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. “Haya, washindie,” alisema, “lakini hilo boksi lina sahani za watu.” Akamwacha akae.

Kerala wakashinda, wakaingia robo fainali. Jioni Ahmadi aliporudi chumbani, hakuna aliyemwambia karibu. Walimshika tu mkono wakamketisha chini, katikati yao, mbele ya sufuria. Ndani yake mlikuwa na mchuzi mwekundu wa samaki na muhogo wa kuchemsha. Muhogo! Mtoto wa Tanga alipouona muhogo ule machozi yalimlengalenga, ikabidi asingizie pilipili. Walimjazia, wakamjazia tena. Wakaendelea kumwita lile jina, Bhagyam, ambalo Binoy alisema maana yake ni bahati. Usiku huo alilala na furaha tele, na ile furaha ikamtisha.

Kwa sababu Ahmadi hakuwa mjinga. Alijua anapendwa kwa kitu ambacho si chake. Kerala wakishinda, yeye ni Bhagyam na samaki anatolewa mwiba. Siku watakapofungwa, yeye ni yule Mwafrika wa karibu na friji. Nafasi yake chumbani ilishikiliwa na vijana kumi na mmoja wa mbali, ambao hajawahi kuwaona, wanaocheza mchezo ambao kanuni zake alikuwa bado hajazielewa hata baada ya kuelezwa kwa vijiko na chumvi. Ndipo akaanza kuwaombea. Akimaliza kuwaombea wazazi wake baada ya swala, alishusha sauti, akatazama huku na huku kana kwamba malaika watamcheka, akawaombea na Kerala.

Robo fainali na Gujarat alibadilishana zamu ili akae. Mchezaji mmoja wa Kerala alivunjika kidole, akarudi uwanjani kupiga kwa mkono mmoja, na Binoy alilia waziwazi mbele ya watu. Wakashinda. Kerala walikuwa hawajawahi kufika nusu fainali tangu kombe lianze, na sasa nusu fainali hiyo itachezwa Wayanad, milimani kwao Binoy, mahali ambapo kaka yake angeweza kwenda kwa miguu. Wapinzani ni Vidarbha, mabingwa. Itaanza Alhamisi, Ijumaa itaendelea.

Jumatano, mama yake Junaid akafariki Mombasa.

Alizikwa siku ile ile, kama inavyotakiwa, na mwanawe hakuwahi. Junaid alikuja kazini Alhamisi asubuhi kukabidhi funguo, uso umemvimba, akampitia kila mtu mmoja mmoja. Kwa Ahmadi alisimama zaidi.

“Hitima ni kesho baada ya swala ya Ijumaa, nyumbani kwangu. Twasoma, twala chakula kidogo, basi. Utakuja, Ahmadi.”

Hakuuliza, alisema. Kwa watu wetu harusi unaweza kuikosa ukaomba radhi, na mwenye harusi akasahau. Msiba haukosekani. Ugenini ndiyo zaidi, maana pale Deira wao ndio walikuwa baba, mama na ukoo wa Junaid. Wasipokuja wao, hakuna mwingine wa kuja.

“Inshallah, Kaka Junaid,” Ahmadi alijibu. “Mungu amrehemu mama.” Na alimaanisha.

Lakini siku hiyo hiyo mambo ya Wayanad yalikwenda ovyo. Kerala walitolewa wote mapema kwa alama chache za kuaibisha, na ilipofika jioni Vidarbha walikuwa wameshawapita. Chumbani hapakuwa na mtu aliyekula. Binoy alikuja akakaa kitandani kwa Ahmadi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Bhagyam, leo ulikuwa kazini. Sisi tunajua, kazi ni kazi. Kesho Ijumaa. Kesho usiondoke. Please.”

Ahmadi alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Alijua wazi lipi ni sahihi, msimwonee kwa kudhani hakujua. Wahenga walishamwambia asiache mbachao kwa msala upitao, tena walimwambia angali mdogo, kwa bakora. Lakini alifikiria pia kurudi kukaa juu ya ndoo na mkate wake, akitabasamia vichekesho asivyovielewa, mwaka mwingine mzima na mwingine tena, na moyo ukamsinyaa. Junaid ana mke, ana watu, nyumba itajaa, alijiambia. Mmoja akikosekana nani atahesabu. Akachukua simu, akatoka hadi kwenye ngazi.

“Kaka Junaid, nisamehe sana. Nina mgonjwa hapa chumbani. Hali yake si nzuri, siwezi kumwacha peke yake.”

“Pole, ndugu yangu,” Junaid akasema. “ Muuguze mgonjwa. Mama atafahamu.”

Sasa hebu tuseme ukweli: kati ya uongo wote uliomo duniani, kwa nini auchague huo? Angesema ameitwa na arbab, mwenye kampuni. Angesema amepoteza kitambulisho. Angesema anaharisha, watu wakamwacha kwa heshima. Ukimwambia Mswahili una mgonjwa hujampa udhuru, umempa mahali pa kwenda. Lakini Ahmadi alikuwa amekaa na wageni muda mrefu hivi kwamba alikuwa amesahau hata jinsi ya kuwadanganya watu wake.

Akaenda kukaa juu ya ndoo. Kerala walianza kupiga vizuri, na chumba kikaanza kupumua. Mmoja alimletea chai, mwingine akamwekea mto mgongoni. Kisha mpigaji mmoja akatolewa. Akafuata mwingine, na mwingine, wakawa wanaingia na kutoka bila hata kuchafua nguo. Ahmadi hakusogea. Mguu ulikufa ganzi, hakusogea. Alitaka kwenda msalani, hakusogea. Adhana ya Ijumaa ilikuwa bado haijatolewa, na mechi ilikuwa imekwisha. Mchezo uliopangiwa siku kadhaa ulikufa siku ya pili, mchana.

Hakuna aliyemlaumu, na angependa walau wangemlaumu. Mmoja alizima simu. Mmoja alipanda kitandani akageukia ukuta, na wengine wakafuata, kila mtu kitandani kwake, shuka hadi kichwani. Ahmadi alipoinuka ili anyooshe mguu, yule mdogo wao alipita akaweka juu ya ndoo beseni la nguo zilizoloweka, bila ubaya wowote, kwa kuwa ndoo ilikuwa hapo.

Muda wa kufika Deira bado ulikuwepo. Angepanda metro, angeswali na wenzake, angekaa kwenye jamvi na juzuu mkononi kama mtu. Ila aliyesema ana mgonjwa hawezi kutokea ghafla na kanzu iliyopigwa pasi. Alijifungia mlango mwenyewe na ufunguo akautupa. Akaswali msikiti wa Karama, akiwa na haya hata na imamu asiyemjua, akarudi, akajilaza naye akitazama dari. Watu sita chumba kimoja, na hakuna aliyejua mwenzake anafikiri nini.

Karibu na alasiri ikasikika hodi.

“Hodi wenyewe! Yuwapi mgonjwa?”

Ahmadi aliijua sauti kabla hajafungua. Alikuwa Junaid, na kanzu yake ya hitima na macho mekundu. Nyuma yake Hafiz, dereva wa gari la mizigo la ofisini, amebeba sinia la pilau lililofunikwa kitambaa, na chupa ya uji wa mgonjwa uliopikwa na Khairunisa, mkewe Junaid. Mfiwa aliwaacha waombolezaji wake nyumbani akaja kumtazama mgonjwa wa mtu mwingine.

Junaid alichungulia ndani akaona watu watano wamelala mchana, madirisha yamefungwa, hakuna anayesema.

“Subhanallah! Ahmadi, ni wote?”

Hakungoja jibu. Aliingia, akaenda kwa Binoy aliyekuwa wa kwanza kuinuka, nywele timutimu, macho yamevimba, akamshika mkono. “Salamat, salamat, ndugu yangu,” alimwambia kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili akaongeza, “pole, pole sana.” Akainua mikono akawaombea dua ndefu, ya shifaa na subira, yeye ambaye alikuwa anaombewa saa chache zilizopita. Wale watu waliketi vitandani mwao, wengine wameunganisha viganja. Hawakujua ni dua ya nini, ila kwa hali waliyokuwa nayo waliipokea.

“Daktari asemaje?” Junaid akamuuliza Binoy kwa Kiingereza.

Binoy alitikisa kichwa. “Kerala khalas,” alisema.

“Nani?”

Binoy aliwasha simu yake akampa. “Nusu fainali. Mara ya kwanza kabisa. Siku mbili tu, khalas, kwisha.” Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alitaka mgeni ajue rafiki yake ni mtu wa namna gani, akaweka mkono begani kwa Ahmadi. “Lakini huyu! Huyu amekaa kwa ajili yetu tangu asubuhi. Nilimwomba asiende popote, hakwenda popote. Huyu ni ndugu.”

Junaid aliitazama simu. Ahmadi alitamani amtukane. Hafiz alifungua mdomo, Junaid akamgusa mkono, akaufunga. Junaid akamrudishia Binoy simu yake kwa mikono miwili.

“Alhamdulillahi,” alisema taratibu. “Hakuna mgonjwa.”

Akachukua sinia akaliweka sakafuni, akalifunua mwenyewe. “Kuleni. Ni sadaka ya mama.” Akatoka.

Ahmadi alimfuata peku. Ngazi zote alikuwa akipanga maneno: nilikosea, shetani alinipitia, mama yako ni mama yangu, nipige ukitaka. Alimkuta kando ya gari, Hafiz ameshakaa kwenye usukani anatazama mbele. Junaid hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu. Labda aliona Ahmadi anavyohangaika na maneno, akataka kumsaidia pa kuanzia, kama alivyozoea kumsaidia.

“Mechi yenyewe ilikuwa ngumu?”

“Tumefungwa vibaya, Kaka Junaid,” Ahmadi alisema. “Tumefungwa vibaya sana.”

Junaid alikuwa ameshika mlango wa gari. Akauacha.

“Mumefungwa,” alirudia. “Wewe na nani, Ahmadi?”

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na akasimama pale juani, akingoja ajibiwe. Ahmadi alifungua mdomo ataje jina. Alitaka kusema Binoy, akakumbuka hajui hata watoto wa Binoy wanaitwaje. Alitaka kusema wewe, wewe na mimi, kaka, lakini neno hilo alikuwa amelipa mgongo asubuhi ile kwenye ngazi, na sasa halikutoka.

Junaid alingoja kadiri mtu mwenye adabu anavyongoja. Kisha akaingia garini, wakaondoka kurudi kwa wageni wa mama yake. Ahmadi alibaki amesimama peku juu ya lami ya Karama, Ijumaa mchana, watu wamejaa njiani, akitafuta jina la mtu mmoja, hata mmoja tu, la kujibia swali lile.